Fomu ya binti yangu iko ndani ya kopo la unga, na baba yake hajui

BARUA

Hujambo mshauri. Mimi husoma majibu yako usiku nikimlisha binti yangu, maana hula polepole sana na mkono wangu mmoja huwa hauna kazi. Leo nimeamua kuandika langu. Naomba jina langu ulifiche.

Tunaishi Kayole, Nairobi, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kifungua mimba ni Neema (si jina lake halisi), ana miaka 7. Uchungu wake ulinishika siku mbili, na alipotoka hakulia. Alipofika miezi 8 shingo ilikuwa bado haijakaza, ndipo kliniki tukaambiwa ana mtindio wa ubongo, CP. Hawezi kuketi bila kuegemezwa na hasemi, lakini anaelewa. Akisikia honi ya matatu inayolala karibu na ploti yetu hucheka mpaka mate yanamtoka. Akimsikia baba yake mlangoni, mwili mzima unarukaruka.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, jua kali ya Kariobangi. Si mtu mbaya, na naomba usimjibu kama mtu mbaya. Kuna kina mama pale kliniki walioachwa na waume zao kwa sababu ya mtoto. Wangu hajaenda popote. Mwaka juzi alimtengenezea Neema vyuma viwili vya kushikilia, akavipaka rangi ya buluu, akavizungushia mpira wa tairi la baiskeli asiumie viganja. Kila jioni akirudi, kabla hajavua buti, humsimamisha hapo, anamshika kwapani, anahesabu moja hadi ishirini. Anasema mtoto huyu atatembea.

Shida ni pesa. Nepi zake kubwa zinakula kama 3,200 kwa mwezi. Dawa za kifafa 1,500. Kliniki ya fizio, yaani mazoezi ya viungo, ni mara mbili kwa mwezi: bodaboda hadi steji, kisha matatu, na makanga hudai nauli ya viti viwili kwa sababu mtoto hapakatiki. Zamani nilikuwa napika chapati nje ya ploti, nabaki na kama 600 kwa siku. Niliacha mwaka jana kwa sababu Neema amekuwa mzito, ana kilo 17, na hakuna wa kumshika asubuhi. Mgongo nao umeanza kunisumbua. Mume wangu kuna wiki ana kazi, kuna wiki hana.

Mwezi wa tatu fizio alinishauri nimsajili Neema apate kadi ya watu wenye ulemavu. Nilimwambia mume wangu tukiwa mezani, nikamtajia na zile elfu mbili za serikali za kila mwezi. Hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini akasema, “Unataka tumuuze kwa elfu mbili? Ukishamwandika mlemavu, nani atahangaika kumsimamisha?” Mama mkwe naye akapiga simu kutoka Kitui akasema kitu kama hicho, na kanisani tumeambiwa tusiukiri ulemavu kwa vinywa vyetu.

Mshauri, nilikwenda peke yangu. Nilimfunga mgongoni kwa leso mbili, tukakaa foleni tangu asubuhi, madaktari wakamkagua, fomu ikajazwa. Nimeikunja na kuiweka ndani ya kopo la unga wa ngano. Tangu niache chapati hakuna mtu anayelifungua. Iko humo tangu mwezi wa tano.

Kuna jambo jingine. Nimekuwa nikichukua mikopo ya simu, huu nikilipa ule. Sasa imefika 14,000. Hilo pia hajui.

Mama mkwe anasema tumpeleke Neema akae naye Kitui, nirudi kazini. Wanawake wa chama chetu cha akiba wanasema tupige picha zake tuchangishe pesa mtandaoni. Mimi nauliza moja tu: niipeleke ile fomu kimyakimya, au ningoje mume wangu akubali huku mtoto akikosa? Nimechoka. Jana nilimkaripia Neema kwa kumwaga uji, halafu nikalia mpaka na yeye akaanza kulia.

Mama Neema, Kayole

JIBU

Mama Neema, pole. Pole ya mgongo, na pole ya ule uji. Umembeba binti yako miaka 7, na siku moja ukamfokea. Hukuniuliza kuhusu hilo, lakini nimeona limekukaa, kwa hiyo nimeanza nalo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nitajaribu kukumbuka hivyo kila nitakapokwambia “fanya hiki”, kwa maana si mimi nitakayeamka usiku kumgeuza.

Unaniuliza kuhusu fomu. Mtoto amekaguliwa, karatasi iko, kilichobaki ni kuipeleka, na aliyesimama njiani ni mtu unayempenda. Nitalijibu hilo. Ila niruhusu kwanza niitazame hiyo kadi yenyewe, kwa sababu naona ninyi wawili mmeipa uzito usio wake, kila mmoja kwa upande wake. Wewe umeiona kama mlango wa pesa. Yeye ameiona kama hati ya kumkatia mtoto tamaa. Na zile elfu mbili zimesimama katikati yenu kama kwamba ndizo kadi.

Kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, hakuleti shilingi 2,000 kila mwezi. Kunamtambulisha Neema. Akishatambuliwa, mnaweza kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu kupitia hazina iliyo chini ya Baraza, au msaada wa masomo, na mnapobisha mlango wa ofisi yoyote hamuanzi upya kueleza hali yake. Elfu mbili ni mpango mwingine wa serikali, ule wa Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011. Hulipwa kwa kaya, kupitia mlezi, pale ambapo mtu anahitaji kuangaliwa mchana na usiku. Neema kwa maelezo yako ni mtoto wa aina hiyo. Lakini nafasi zina kikomo. Huingia mtu orodha inapofunguliwa, kupitia chifu na maafisa wa maendeleo ya jamii, na malipo mara nyingi huchelewa, yakaja ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo ukiipeleka fomu kesho, usipange bajeti ya mwezi ujao kwa pesa hizo.

Hapo ndipo linapoingia lile la kimyakimya. Mzazi au mlezi mmoja ndiye humsajili mtoto, hivyo kadi unaweza kuitafuta wewe peke yako. Inua Jamii haiendi hivyo. Kaya huhojiwa, na majina hupitishwa mbele ya wanajamii wathibitishe kuwa kweli ni wahitaji. Fikiria mume wako akisikia jina la binti yake limetajwa barazani, na anayemweleza ni jirani, wakiwa kwa kinyozi. Sisemi hili ili kukutisha. Nasema siri yako ina miguu mifupi, na ni afadhali ulijue hilo sasa unapochagua, kuliko baadaye.

Sasa twende kwenye hesabu, maana barua yako ina hesabu ambayo nadhani hukuifanya. Chapati zilikubakishia 600 kwa siku. Siku 6 kwa wiki, wiki 4, ni 14,400 kwa mwezi. Pesa hizo zinazidi mikopo yako yote ya simu, na ni zaidi ya mara saba ya zile elfu mbili mnazogombania. Pesa kubwa iliyotoka nyumbani kwenu, Mama Neema, ilitoka siku ulipokosa mtu wa kumshika mtoto asubuhi. Kadi ikipatikana au isipopatikana, hilo swali la asubuhi litabaki palepale. Kwa hiyo najiuliza kama si hilo mlilopaswa kuwa mkilizungumza mezani siku ile kijiko kilipowekwa chini.

Nani basi amshike? Kitui naielewa. Mama mkwe anajitolea, na hilo si dogo. Lakini uliza yafuatayo kabla hujafunga mizigo. Nani atamnyanyua mtoto wa kilo 17 anayeendelea kukua, na bibi ana umri gani? Fizio iliyo karibu iko wapi? Dawa za kifafa zikiisha atazipata siku hiyohiyo? Dawa hizo hazikatizwi ghafla, degedege laweza kumrudia kwa nguvu. Halafu kuna lile ulilolisema mwenyewe, kwamba akimsikia baba yake mlangoni mwili wote unarukaruka. Labda safari iwe ya upande wa pili: bibi aje Kayole miezi miwili mitatu, ajifunze kumlisha na kumlaza, nawe uwashe jiko tena. Chumba kitakuwa kidogo, najua nyumba za ploti. Na huenda maneno ya mama mkwe kuhusu kadi yakahamia ndani kwako. Hilo ni gharama nalo, lipime.

Jirani wa kulipwa ni njia nyingine, na hapa nakuomba uwe mkali. Mtoto asiyesema hawezi kukusimulia alichotendewa. Nimekutana na wazazi waliokuja kujua baada ya muda mrefu kwamba mtoto alikuwa akifungiwa ndani peke yake, amelala chali, tangu asubuhi. Ukimweka mtu, awe unayemjua, mlango uwe wazi, urudi saa ambazo hakutarajii, na umwangalie Neema anavyompokea, kwa sababu mwili wake unasema. Mimi ningewatazama kwanza wale kina mama wa kliniki. Wanajua kumlisha mtoto wa CP bila kumpalia, wanajua la kufanya akishikwa na degedege. Nimeona wakipokezana, leo huyu anakaa na watoto watatu, kesho yule, kila mmoja anapata asubuhi mbili za kazi. Inavunjika haraka mmoja akiugua au akihama, lakini hata asubuhi mbili za chapati ni kitu.

Na shule? Hukuitaja kabisa, nami sikulaumu, ukiwa na mtoto asiyeketi watu hawakutajii shule. Ila Neema ana haki ya kusoma kama mdogo wake. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya elimu na ya vifaa vya kumwezesha. Katika mtaala wa sasa kuna mkondo wa watoto wasiofuata madarasa ya kawaida, wanaofundishwa kula, kuvaa na kuwasiliana, kila mmoja kwa hatua zake. Kumjua anafaa wapi, kuna vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto, vilivyoanza nchini mwaka 1984, na kwa ninyi wa Nairobi kuna Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, kule Kasarani. Kutoka Kayole si mbali.

Nimeitaja Kasarani kwa sababu nyingine pia, nayo ni baba Neema.

Umeniomba nisimjibu kama mtu mbaya. Siwezi kumjibu hivyo. Mtu anayezungushia chuma mpira wa tairi ili viganja vya mtoto visiumie si mtu niliye na la kumkemea. Ninachojiuliza ni kama amewahi kupata nafasi ya kumuuliza mtaalamu swali lake mwenyewe. Wewe ndiye unayekwenda kliniki, yeye anasikia habari kutoka kwako, jioni, amechoka, na habari yenyewe ni karatasi yenye neno “ulemavu”. Pengine kwake kukubali neno hilo ni kuvibomoa vile vyuma vya buluu. Huenda sijampata sawasawa, wewe ndiye unayemjua.

Ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa hauendelei kuumia. Lakini misuli hukaza mtoto anavyokua, nyonga zaweza kutoka mahali pake, na ndiyo maana kumnyoosha na kumsimamisha kuna faida hata kama hatatembea. Baba Neema amekuwa akifanya kitu cha maana miaka yote hii. Je, kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo? Mpeleke kliniki au kule Kasarani siku moja, akikosa kazi wiki hiyo, na umwombe fizio atazame anavyomshika. Atamsahihisha, atamwonyesha nyonga zikaeje. Na pale ataweza kuuliza, “Atatembea?” Jiandae, maana jibu huenda likamuumiza. Mtoto wa miaka 7 ambaye bado haketi peke yake, mara nyingi hatembei bila msaada, na ni heri alisikie kwa mtu aliyemgusa Neema kuliko alisome kwenye fomu. Anaweza kurudi nyumbani kimya siku kadhaa. Anaweza hata kuviacha vyuma kwa muda. Usimharakishe.

Lakini nakuwazia jambo. Neema anahitaji kiti cha kumshikilia kiuno na kichwa, ili ale akiwa ameketi wima, uji usimwagike, na mikono yako miwili iwe huru. Watu wa Association for the Physically Disabled of Kenya, APDK, walioko Westlands tangu zamani (chama hicho kilianzishwa mwaka 1958), hutengeneza viti vya magurudumu kwa vipimo. Kuna pia viti vinavyofinyangwa kwa makadibodi na magazeti yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, vigumu kama mbao, na wazazi hujifunza kuvitengeneza wenyewe. Na ndani ya nyumba yako kuna fundi. Fizio akimpa vipimo, sioni cha kumzuia. Kwa mtu kama huyo, nadhani mazungumzo kuhusu kiti yatafika mbali kuliko mazungumzo kuhusu kadi.

Kuhusu fomu basi, naziona njia tatu na hakuna iliyo laini. Ukiipeleka kimya, mtoto hapotezi muda, lakini unabeba hofu ya kugunduliwa, na ukigunduliwa ugomvi utakuwa juu ya kufichwa, si juu ya Neema. Ukingoja mpaka akubali, unalinda amani, ila huenda ukangoja mpaka Neema awe na miaka 10, na haki hiyo si yako wala ya baba yake, ni ya mtoto. Katiba, kifungu cha 53, inaweka jukumu la malezi sawasawa kwa mama na baba, maana yake hakuna mmoja mwenye kura ya turufu. Njia ya tatu ni kuitoa kwenye kopo mbele yake, ukamwambia ulikwenda, ulimbeba kwa leso mbili, uliogopa kumwambia. Hiyo inaweza kuleta usiku mbaya. Wewe ndiye unayejua usiku mbaya kwenu unafananaje. Kama kuna hata chembe ya hofu kwamba atakupiga, usiitoe mkiwa peke yenu, tafuta kwanza mtu anayemheshimu aketi nanyi. Kwa ulivyomweleza sidhani, lakini singepita bila kuuliza. Vyovyote utakavyochagua, ulizia kwanza kama fomu iliyokaa tangu mwezi wa tano bado inakubalika, usije ukagombania karatasi iliyokwisha muda.

Na maneno ya kanisani. Sitasimama kati yako na imani yako. Nakuuliza tu kama mnaombea kifafa huku mkimpa dawa. Kama ndivyo, basi mmeshajua kukaa na yote mawili ndani ya nyumba moja.

Sasa ile siri ya pili, ambayo mimi inanitia wasiwasi zaidi ya ya kwanza. 14,000, huu ukilipa ule. Fomu inaweza kukaa ndani ya kopo isiongezeke, mikopo ya simu haikai hivyo. Kabla ya lolote, acha kuchukua mpya, andika yote kwenye karatasi, wa kiasi gani na wa lini, kisha uone kama chama kinaweza kukukopesha uilipe kwa mkupuo mmoja, ubaki na deni moja unaloweza kulitazama usoni. Kama utamwambia mume wako jambo moja tu mwezi huu, sijui kama liwe fomu au liwe deni. Ningeanza na deni, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua maana ya wiki isiyo na kazi, na kwa kuwa deni litamwonyesha ukweli wa gharama kabla hujamwomba akubali msaada. Mwingine angekwambia kinyume, na asingekuwa amekosea.

Mchango wa mtandaoni naupitia haraka. Watu wa Nairobi huchanga, hilo nalijua. Lakini picha ya Neema ikishatoka hairudi, na yeye hakuulizwa. Mnaweza kuchangisha bila uso wake, kwa lengo moja linaloonekana, kama kiti. Na kama bado hamjajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, jisajilini. Kwa wasio na ajira rasmi kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi kwa kaya nzima, hulipwa kwa mwaka, na watoto humo ndani.

Siku mkiamua kwenda Kasarani au kliniki pamoja, mwombe baba Neema ndiye ambebe hadi steji. Wewe beba uji kwenye chupa, na kijiko chake anachokizoea, maana foleni huwa ndefu. Kisha niandikie fizio alisema nini kuhusu zile nyonga.